Nakala Tatu za Sindano

Ijumaa saa nane mchana, fundi wa mifumo, ambaye ofisi nzima ilimwita Sindano, alipangusa makombo ya mkate kwenye kibodi akaanza kupandisha programu mpya ya kliniki kwenye seva. Programu ilikuwa imekatwa vipande: kimoja cha kupanga miadi, kimoja cha kutuma ujumbe, kimoja cha kuchapa kadi. Juu ya vyote aliwekwa msimamizi, naye ni programu vilevile, kazi yake kuhesabu. Nakala moja ya kipande ikifa, huinua nyingine papo hapo, ikizidi, huiondoa.

Saa kumi mdogo wake alikuwa anaolewa. Sindano alishaikosa posa, na kwa miaka minne maombi yake ya likizo yalirudi na jibu lilelile: hakuna wa kushika nafasi yako.

Haraka ikamponza. Katika maagizo ya msimamizi, jina lake, ambalo huandikwa chini kabisa penye mhusika, aliliandika penye jina la kipande. Penye idadi ya nakala palisema tatu. Akabonyeza.

Wakatokea Sindano wengine wawili kando yake, blauzi ileile ya kijani, kifungo cha pili kimelegea vilevile.

"Hebu sogea," mmoja akasema. Kiti kilikuwa kimoja.

Bosi aliingia na kikombe cha chai.

"Kumbe mko watatu?"

"Ndiyo, bosi."

"Safi sana. Basi malizieni na kazi ya maabara."

"Na harusi ya mdogo wangu?"

"Sasa nani atashika nafasi yako?" akauliza, akaenda zake.

Watatu hao walicheka mpaka machozi. Kisha Sindano akachukua mkoba akatoka. Mlango haujafungwa, msimamizi alishainua mwingine, naye ameketi. Bosi alichungulia, akahesabu vichwa vitatu, akaridhika.

Harusini, bibi harusi alimtupia mama yao maua akamrukia dada yake shingoni.

"Dada! Wamekuruhusu?"

"Wala hawajui kama nimetoka."

Alicheza mpaka akavua viatu. Alikuwa na furaha, furaha tupu, na keki alikula vipande vitatu.

Jumatatu alipoingia, mmoja alitoweka kimya kimya, idadi ikarudi tatu. Katika daftari la likizo jina lake bado lilikuwa na siku sifuri zilizochukuliwa. Akaandika ombi jipya, akaenda kutembelea maharusi. Kabla ya saa sita jibu lilirudi: hakuna wa kushika nafasi yako.

Walilisoma wote watatu, wakacheka, na aliyekuwa karibu na mlango akachukua mkoba.