Farasi Wawili wa Tango

Misuzu Hatakeyama alikuwa hodari wa kueleza. Kwa miaka kumi na tisa aliwatembeza wageni wa ng'ambo katika milima ya Kiso, na hakuna jambo la Kijapani lililomshinda: kwa nini viatu huvuliwa mlangoni, kwa nini mtu huinama hata akiongea kwenye simu, kwa nini vijiti vya kulia havichomekwi wima katika wali. Wageni walimpenda. Lakini mtu aliyezoea kueleza husahau kusikiliza, na Misuzu, nasema bila kumwonea, alikuwa amesahau siku nyingi.

Mwaka huo kampuni yake ilitaka kitu kipya. Wageni wamechoka na mahekalu, bosi alisema, wanataka kuingia nyumbani kwa watu waone Bon, zile siku nne za Agosti ambazo wafu hurudi kwao. Misuzu akapiga hodi nyumba sita kijijini kwao. Zote zilimpa chai, zote zikamkatalia kwa upole. Ikabaki nyumba moja, ya mama yake.

Na hapo ndipo penye kidonda. Baba yake alifariki Februari, Misuzu akiwa mbali na kundi la wageni, simu kaizima kwa sababu alikuwa akieleza jinsi sake, pombe ya mchele, inavyopikwa. Bon hii ndiyo ingekuwa ya kwanza kwa marehemu, ile ambayo taa nyeupe ya karatasi hutundikwa barazani ili asipotee njia ya nyumbani. Mama yake, Bi Tomoe, alikuwa akihesabu siku tangu theluji iyeyuke.

"Wageni sita tu, Mama. Watakaa kimya."

"Waje. Baba yako alipenda watu."

"Kuna jambo moja zaidi." Misuzu alijikuna shingo. "Wanaondoka tarehe kumi na nne. Na tangazo linasema wataona moto wa kukaribisha na moto wa kuaga. Yote miwili."

Wafu hukaribishwa tarehe kumi na tatu, huagwa kumi na sita. Hata mtoto mdogo wa kijiji kile anajua. Bi Tomoe aliendelea kumenya maharage yake.

"Kwa hiyo unataka afike leo, kesho tumtoe."

"Ni kuonyesha tu! Ya kweli tutafanya tarehe kumi na sita, mimi na wewe."

"Moto ukiwashwa umewashwa, Misuzu." Alimenya ganda jingine. "Tusipofanya, kazi yako itaharibika?"

"Itaharibika, Mama."

"Haya. Nitamwambia."

Misuzu aliinama kushukuru, akaenda zake roho nyepesi. Hakujiuliza nani angeambiwa, wala nini.

Tarehe kumi na tatu mambo yalikwenda vizuri. Bi Tomoe aliwasha vijiti vikavu langoni, akauambia moshi, "Karibu. Pole na safari. Ingia, ingia." Kisha akaketi mbele ya madhabahu ya ukoo na kuiwekea picha ya mumewe tofu baridi, maharage matamu na glasi ya bia. Akamsimulia habari zote: paa lilivyovuja, nani kaoa, nani kaugua, mti wa persimoni ulivyogoma kuzaa. Wakati mwingine alicheka. Mgeni mmoja, Lorna, mjane kutoka Kanada, alifuta machozi. Misuzu alieleza kila kitu, na akaeleza vizuri.

Kesho yake, saa kumi na nusu alasiri, walikusanyika tena. Misuzu aliwaonyesha sinia lililokuwa mbele ya picha.

"Tango tunalifanya farasi, kwa miguu ya vijiti. Farasi humleta marehemu mbio, maana tuna hamu naye. Bilinganya ndilo ng'ombe. Ng'ombe humrudisha polepole, maana hatutaki aende."

Lorna aliinama, akatazama. "Ng'ombe wa jana yuko wapi? Hapa naona farasi wawili."

Kweli walikuwa farasi wawili, na wa pili alikuwa bado mbichi, kachongwa siku ileile. Misuzu akamgeukia mama yake. "Mama, ng'ombe yuko wapi?"

"Nimemtoa," alisema Bi Tomoe. "Ng'ombe hana mwendo, na basi la wageni wako linaondoka saa kumi na moja. Nimemwambia baba yako afanye haraka asikucheleweshe kazini. Amekubali. Si unamjua baba yako?"

Misuzu alimjua. Ndiye aliyekuwa akimsindikiza kituo cha treni alfajiri tangu yuko shule, akitembea mbele kwa haraka na mkoba wa binti yake begani.

"Mama anasemaje?" Lorna aliuliza.

Angeweza kusema, basi, tuache, moto huu hauwashwi leo. Maneno hayo ni machache, na kwa Kiingereza ni machache zaidi. Lakini simu sita zilikuwa zimeinuliwa tayari, na dereva alikwishawasha injini.

"Anasema kila nyumba ina desturi yake," Misuzu alijibu, na aibu ikamchoma hadi masikioni.

Bi Tomoe akawasha kiberiti langoni. "Haya, nenda salama. Samahani, safari hii imekuwa fupi." Aliinama, na hakuinuka hadi moshi ulipokwisha.

Misuzu alimwambia dereva awapeleke wageni mwenyewe. Jioni mama yake alitenga bakuli mbili za wali, moja kwa kila aliyekuwepo. Mbele ya picha hapakuwa na kitu.

"Hujamwekea Baba."

"Ameondoka. Kula, kinapoa."

Siku mbili zilipita hivyo. Bi Tomoe hakuisemesha tena ile picha. Taa nyeupe aliishusha, akaifunga kwa kamba na kuiweka na taka za kuchomwa. Misuzu, ambaye hakuwahi kuamini mambo ya wafu hata akiyaeleza kwa ufasaha, alijikuta akiuzunguka mto mtupu aliokuwa akikalia baba yake asiukanyage, kisha akikumbuka kuwa hakuna haja tena. Alilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Tarehe kumi na sita jioni mioto iliwaka lango kwa lango hadi bondeni. Bi Okumura wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti. "Nyie akina Hatakeyama, mnangoja nini? Mzee atalala njiani huyo!"

Misuzu alichukua vijiti vilivyosalia, akavipanga langoni. Kando yake akaweka ng'ombe wa bilinganya aliyemchonga mwenyewe mchana, ana miguu isiyolingana. Kiberiti kilikataa mara mbili.

Mama yake alitokea mlangoni akijifuta mikono kwa aproni. "Unafanya nini?"

"Namuaga Baba."

"Mwanangu," Bi Tomoe alisema, na hakukuwa na hasira hata kidogo katika sauti yake, "ndani hamna mtu."

Kisha akamwinamia jirani yake, akamjibu kwa sauti ya kawaida. "Sisi tulishamuaga, Bi Okumura. Mwaka huu alikuwa na haraka."