Kiti cha Dereva

Wembe ulipokata uzi wa mwisho, nilishika kava la juu la kiti kwa mikono miwili nikalivuta, nalo likabanduka kwa sauti ya bandeji inayotolewa kwenye kidonda. Nilitarajia kukuta sponji. Nilikuta kava jingine, la rangi ya kahawia, na mishono yake yote imelalia kushoto.

Nikakaa sakafuni pale pale, katikati ya nyuzi na vumbi la sponji kuukuu, wembe bado mkononi. Bwiza nzima, Bujumbura nzima, nilimjua fundi mmoja tu wa viti vya magari ambaye mishono yake ililalia kushoto. Alishona kwa mkono wa kushoto, na bakora zote za madrasa hazikuweza kumbadilisha. Alikuwa mume wangu Ilyas. Tulikuwa tumemswalia swala ya ghaibu, maana mwili wake haukuonekana, na eda yake nilikuwa nimeimaliza. Kesho yake, Ijumaa baada ya alasiri, nilikuwa naolewa na rafiki yake Musafiri.

Gari lenyewe lililetwa asubuhi ile na Hyacinthe, muuza ndagala, yaani dagaa, mmoja mnene na mcheshi, aliyelinunua Uvira. Lilikuwa Corolla nyeupe yenye namba za Kongo. Ya Ilyas, iliyopotea pamoja naye, ilikuwa ya kijani. Ndani kila kitu kilikuwa kipya: milango imewekewa mbao laini zilizovishwa simili, yaani ile ngozi ya bandia tunayoitumia, na dari limebandikwa kitambaa cha rangi ya maziwa. Sikuwa na sababu ya kulitazama mara mbili.

"Mama, kiti ya chauffeur inaniua mugongo," Hyacinthe alilalamika huku akijishika kiuno. "Sijui iko na nini ndani. Usinivalishie ingine juu. Toa yote, mupaka kwa sponji."

Alisema hivyo kwa sababu alitujua. Ilikuwa miaka ya embargo, nchi imefungiwa mipaka kwa ajili ya vita, na roli moja ya simili ilitafutwa kuliko dawa ya malaria. Zamani tulifumua kava la zamani mshono kwa mshono, tukalitandaza mezani, tukakatia jipya kwa kulifuata. Embargo ikatufundisha uvivu wenye faida: kava jipya tulilivalisha juu ya la zamani, likawa bitana, na sponji iliyochoka ikapata wa kuishikilia. Mafundi wa ng'ambo ya mpaka nao walifanya vile vile. Mtu asiye wa kazi hii hukaa juu ya kiti kipya, akanusa gundi, akaamini kwamba cha zamani kimetupwa jalalani. Sisi wenyewe tulikuwa tukiwacheka wateja wa namna hiyo.

Nilikuwa simcheki mtu siku ile. Nilipitisha kidole juu ya mishono ya Ilyas, mmoja mmoja. Chini ya rangi nyeupe, hili ndilo gari aliloondoka nalo kwenda Gatumba kuchukua roli ya simili iliyokuwa inavushwa kutoka Kongo. Musafiri, aliyekuwa akiuza vipuri mtaa wa pili, aliomba lifti. Jioni alirudi Musafiri peke yake, kwa miguu, tope mpaka kiunoni, akaanguka kwenye kizingiti changu akilia kwa sauti.

Hadithi yake aliisimulia kwangu, kwa shehe, kwa askari, kwenye matanga, na baadaye kwenye kahawa, mpaka watu wakaijua kwa moyo. "Mi nilikuwa nyuma, shemeji. Pale mbele Ilyas alikuwa amejaza makartoni. Risasi ikatoka mbele yetu, mu matete, ikapasua kioo, ikamupata hapa." Hapo hujigusa kifua. "Nikafungua mulango wa nyuma, nikajitupa mu mufereji. Wakamutoa, wakamukokota mupaka mutoni. Gari wakaenda nayo."

Shehe alitaka mashahidi wawili ndipo nihesabiwe mjane, kisha akainamisha kichwa akasema vita havitupi mashahidi wawili. Akamwapisha Musafiri peke yake. Kwa kiapo hicho nilivua nguo za rangi, nikaketi kwenye mkeka nikiuelekea ukuta, wanawake wa Bwiza wakaja na sukari na mchele, wakakaa nami matanga.

Na Musafiri hakutuacha. Alisimama kwenye foleni ya mafuta ya taa kwa niaba yangu, alitengeneza kanyagio la cherehani yangu, alimtania Baba Mdogo Atumani mpaka mzee yule mkali akatabasamu. Mtu mwema, watu walisema, na mimi nilisema zaidi yao. Sitaki kuwaficha: nilimpenda. Eda ilipokwisha na yeye akamtuma mshenga, nilijifanya nafikiri, lakini jibu nilikuwa nalo siku nyingi.

Basi nikalifumua kava la kahawia. Nyuzi za Ilyas zilikuwa ngumu, alipenda kuzipaka nta. Lilipolegea niliona doa, jeusi, kavu, limeshika simili na sponji kwa pamoja. Nililia, lakini nitasema jambo la ajabu: nilifurahi kidogo. Mtu asiye na kaburi hana pa kuwekewa mkono. Sasa nilikuwa na mahali, hata kama ni kiti cha Corolla, nikaweka kiganja changu juu yake nikamsomea Fatiha.

Nilipoinua kiganja, kidole cha kati kiliingia kwenye tundu.

Kazi yetu ni kutoboa. Kutwa tunatoboa simili kwa sindano nene, na hata mwanafunzi wa siku chache anajua sindano imeingilia wapi na imetokea wapi. Inakoingilia, simili huzama na ukingo wake hujikunja ndani. Inakotokea, nyuzi za chini husukumwa nje. Risasi nayo ni sindano, haina adabu tu. Nilitazama mbele ya kiti, pale ulipoegemea mgongo wa mume wangu, nikitarajia ukingo uliozama. Nyuzi zilikuwa zimesukumwa nje, zina punje za sponji. Nikageuza. Upande wa nyuma simili ilikuwa imezama, na ukingo umeyeyuka, mweusi, kama mahali pa sigara iliyozimwa.

Nikasema nimekosea, nimelishika kava kichwa chini. Nikalivalisha tena juu ya fremu, nikafunga ndoano zake, nikazunguka kiti kizima. Nikalivua tena. Sikuwa nimekosea. Risasi ilitoka nyuma ya kiti, karibu mno, mdomo wa bunduki ukigusa au ukikaribia kugusa. Na nyuma ya kiti kile alikuwako mtu mmoja tu, na mwenyewe ndiye aliyetuambia, tena kwa kiapo.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikuwa nimekishonea nguo ya arusi.

Nilikuwa bado nimesimama nimeshika lile kava niliposikia mluzi wake uani. Nikalitupa juu ya kiti, nikalifunika kwa kanga yangu. Musafiri akatokea mlangoni, ameshika mkate na mfuko wa tende, ananukia sabuni.

"Bibi arusi gani huyu bado anashika wembe?" alicheka. "We utanikata mi, kabla ya kesho."

Niliuweka wembe mezani. Aliegemea bodi ya ile Corolla kwa kiwiko, akalipigapiga paa kwa kiganja, kama mtu anavyompigapiga ng'ombe wake.

"Hii gari ya nani?"

"Ya mteja."

"Nzuri," alisema. Akaweka mkate juu ya meza yangu ya kukatia, akanitazama kwa huruma. "Umechoka, Kudra. Kapumuzike."

Akaondoka akipiga mluzi ule ule. Mpaka leo sijui kama alilitambua gari lile au aliliona jeupe tu, kama mimi asubuhi. Nilikunja kava la kahawia dogo dogo, nikaenda nalo nyumbani ndani ya kikapu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa maneno gani? Watu walikuwa wanauawa kila siku, Kamenge, Buterere, njia ya Cibitoke, na wote waliuawa na watu wasiojulikana. Sikujua kabisa jinsi ya kusema jina.

Ijumaa nyumba ilijaa. Wanawake walinipaka hina, wakaniimbia, wakanicheka kwamba mjane gani anaona haya kuliko mwali. Nilikaa chumbani nyuma ya pazia, na upande wa pili wanaume walikuwa wamejaa sebuleni na varandani, na viatu vyao vimejaa mlangoni. Harufu ya ubani ilinipanda kichwani. Kava nilikuwa nimelikalia, chini ya zulia dogo. Bado nilikuwa najiambia huenda kuna neno moja Musafiri atalisema, na yote yatageuka: mtu mwingine alipanda njiani, walimlazimisha, chochote. Nilikuwa namtafutia udhuru mimi mwenyewe, mke wa marehemu.

Kwetu mwali akiulizwa, ukimya wake ni jibu. Mjane hana ukimya. Lazima aseme kwa kinywa chake, walii na mashahidi wasikie.

Walii wangu alikuwa Baba Mdogo Atumani, ndugu wa marehemu baba, aliyefungua karakana yetu akamfundisha Ilyas kazi, kisha mimi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akaongozwa ndani na mashahidi wawili, akakaa mbele yangu akikohoa.

"Kudra, mutoto yangu. Musafiri anakuomba kwa mahari mulisikilizana. Unamukubali?"

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Wanawake wakachekelea, mmoja akanibana bega. Mzee akarudia swali, na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuisikia. Nikaingiza mkono chini ya zulia, nikalitoa kava, nikaliweka mapajani mwake.

Vidole vyake vilitangulia kushangaa kabla ya uso. Vilifuata mshono.

"Hii ni mukono ya Ilyas," alisema.

Vikafika kwenye doa, vikasita. Vikafika kwenye tundu. Akaingiza kidole kwa upande mmoja, akakitoa, akageuza kava, akapapasa upande wa pili. Akageuza tena. Shahidi mmoja akanong'ona kwamba bibi arusi apewe maji.

"Hii upande ni gani ya kiti?"

"Ya mugongoni, Baba. Ile inaangalia nyuma."

"Kiti ya nani?"

"Ya dereva."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa ameisikia hadithi ya Musafiri mara nyingi kuliko mtu yeyote, tena aliimalizia mwenyewe kila Musafiri aliposhindwa na machozi. Alinyanyuka, kava likining'inia mkononi, akasukuma pazia kwa bega na kuliacha wazi. Niliwaona wote. Musafiri alikuwa ameketi kando ya shehe, kanzu nyeupe, ua la asumini kifuani, anatabasamu akisubiri habari njema.

"Musafiri," Baba Mdogo aliita. "Ile siku, we ulikaa wapi mu gari?"

Mtu mmoja akaguna, akidhani mzee amezeeka, maana swali hilo hata watoto waliokuwa dirishani wangelijibu. Musafiri alifungua mdomo kujibu kama kawaida. Ndipo macho yake yakashuka kwenye mkono wa mzee, kwenye simili ya kahawia yenye doa, na tabasamu likabaki limesahauliwa usoni, halina mwenyewe. Moyoni mwangu, Mungu anisamehe, nilikuwa namwomba ajibu vizuri.

"Mbele, muzee," alisema. "Mi nilikaa mbele."

Vikombe vya kahawa vikatua, kimoja baada ya kingine. Shehe aliyemwapisha alisogea kidogo, kanzu zao zisigusane. Musafiri akasimama, akatazama upande wangu, akafumba macho, akaenda mlangoni. Alihangaika kupata viatu vyake katika vile viatu vyote, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Baadaye tulisikia amevukia Uvira, kisha hatukusikia kitu. Sikujua, na sitajua, kama alilitaka gari au alinitaka mimi, na sijui lipi kati ya hayo mawili linanitisha zaidi.

Baba Mdogo alilizika kava la kahawia makaburini, kwa dua, watu wakahudhuria. Akaniambia eda ya Ilyas nilikwisha kuikaa na Mungu ameipokea, haikaliwi mara mbili. Nilimwitikia. Lakini nilivua rangi tena, hina ikiwa mbichi mikononi, nikatandika mkeka nikauelekea ukuta. Wanawake walipita mlangoni na vikapu vyao, wakasalimia kwa sauti ya chini, wakaendelea na njia. Ilyas nilikwisha kumlilia. Sasa nilikuwa namlilia Musafiri, na kwa kilio hicho hakuna mtu Bwiza nzima aliyejua jinsi ya kunipa pole.