Chakula cha Generose

Mikono ya Jean-Berchmans, sonara wa Rugenge, ilipoanza kutetemeka, hakutafuta daktari. Alitafuta mchawi, na wala hakwenda mbali: mkewe Generose, anayempikia. Kila chakula kilimwachia ladha ya chuma mdomoni, fizi zilivuja damu, usingizi ulimkimbia. Hiyo ni nini kama si karuho, ile sumu ya polepole ambayo Uvira nzima huinong'ona kila mtu anapokonda?

Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Huku kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ili roho yako itulie. Sasa huyu bwana, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akamtaka mkewe aonje kila kitu: sombe ya majani ya muhogo, ndagala wa ziwani, hata maji ya kunywa. Generose alionja huku machozi yakimlengalenga, na afya yake haikutetereka. Mwenye akili angejifunza hapo. Yeye aliona ujanja: bila shaka mwanamke ana dawa ya kujikinga.

Hofu yake kubwa ilikuwa juu ya Délice, binti yao wa pekee, ambaye bado hajaanza shule. Alimtoa jikoni kwa mama yake akawa anashinda naye kwenye ateliye, karakana yake ya usonara, akimnunulia mikate na maziwa na kumlisha mwenyewe. Generose alipolalamika, aliambiwa anyamaze.

Ateliye ilikuwa chumba kimoja tu. Dhahabu ya wachimbaji ilimfikia ikiwa imeshikana na zebaki, naye aliichoma juu ya mbabula, jiko lake la makaa, mpaka zebaki ipae, dhahabu ibaki na rangi yake. Alipochoma alifunga mlango na dirisha, maana hakumwamini jirani hata mmoja. Délice alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akifurahia kuona weupe ukigeuka njano. Mvuke wenyewe haukunuka kitu.

Siku moja kikombe cha maziwa kilimponyoka mtoto. Alikiokota, kikamponyoka tena. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

Jean-Berchmans alimkimbiza kituo cha afya, na Generose akawakuta huko, akihema. Muuguzi alimuuliza baba kuhusu kazi yake, chumba, na kile anachochoma humo. Jean-Berchmans alijibu, na kila jibu lilitoka kwa shida zaidi kuliko lililotangulia. Muuguzi akamwambia bila kumzungusha kwamba mvuke wa zebaki ndio uliokuwa unamla, na sasa umemshika mtoto, ambaye mwili wake ni mdogo. Apelekwe hospitali leo hii. Kama mikono itatulia, hakuweza kuahidi.

Generose hakulia. Alimgeukia mumewe, akasema taratibu:

« Weye uliniona minye niko mulozi. Huyu mutoto hakukula kwangu hata kijiko. Alikuwa anakula kwa nani? »

Jean-Berchmans alitaka kumshika binti yake mkono, akaogopa kumgusa.

« Kwangu, » alisema.