Mwizi Katika Mzinga wa Baba

Kabla umande wa kijiji cha Kola haujakauka, Kamanthe alimkuta kaka yake, Muthoka, chini ya mgunga, kibiriti mkononi na dumu la mafuta ya taa miguuni. Juu yao ulining'inia mzinga wa gogo aliouchonga marehemu baba yao, akauchora alama ya ukoo ubavuni. Katika mizinga yake yote, huo pekee ndio uliosalia.

"Mzinga unalia, Mama Wesley. Umerogwa! Nauchoma sasa hivi," Muthoka akamwambia dada yake.

Kamanthe alitega sikio. Kwii! Kwii! Moyo ukamruka kwa furaha: sauti hiyo aliijua!

"Thubutu! Mzee mzima wa kanisa unaogopa gogo? Nishikie ngazi."

"Ukishuka na laana, usije kwangu."

Kamanthe alikaza leso kiunoni, akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, akapanda. Moshi ulipowatuliza nyuki, alifungua kifuniko, na papo hapo akapiga kelele.

"Ni yeye! Kaka, ni yeye!"

Juu ya sega alitulia nondo mpana kama kiganja, tumbo lake likiwa na mistari ya manjano na mgongo umechorwa fuvu la mtu. Alikuwa ametoboa nta kwa mrija wake mfupi, akifyonza asali. Nyuki walimpita kama ndugu yao, kwa maana alinukia kama wao. Kamanthe alipomshika, nondo akalia: kwii!

Miezi miwili nyuma, katika matuta ya viazi, Kamanthe aliokota kiwavi mnene mwenye pembe mkiani, akamweka katika debe la udongo. Kiwavi akajizika humo. Juzi jioni alitoka akiwa nondo, akakausha mabawa, akalia alipoguswa, akaruka zake. Kamanthe alipomsimulia Muthoka, alichekwa hadi machozi.

Sasa alishuka, akamfungulia kiganja.

"Haya, cheka!"

Muthoka hakucheka. Alinyoosha kidole, nondo akalia, naye akaruka nyuma na kupiga dumu teke. Mafuta yote yakamwagika nyasini.

"Kumbe mwizi ulimlea mwenyewe!" akasema, huku akikitia kibiriti mfukoni.

"Naam, na mlango nitauziba mwenyewe."

Akamwachia nondo aruke, akafinyanga nta, akapanda tena, akaupunguza mlango wa mzinga hadi ukatosha nyuki tu. Aliposhuka, Muthoka alikuwa amepiga magoti katika matuta ya viazi kando ya mti, akifunua jani baada ya jani.

"Mama Wesley! Huyu mwenye pembe ndiye?"