Kumi ya Pili

Kisima cha kigango chetu hapa Kabungu tulikifanyia novena, sala ya siku tisa, kabla hakijachimbwa. Maji yalipotoka tuliimba hadi sauti zikakauka. Kwa hiyo bwana afya, Zefania, aliposimama mkutanoni akasema maji yale yana zebaki kutoka mwalo wa kuoshea dhahabu, tena mara nne ya kiwango cha usalama, watu walimtazama kama mtu aliyetukana ibada. Akatuomba tutumie pampu ya shule, ng'ambo ya mto, ambayo alikwishaipima na ni safi.

Pembeni yangu alikaa Aneth, mke wa mwanangu Isidori. Ana mimba ya kwanza, tuliyoiombea miaka mingi. Maji ya kisima ndiyo anayokunywa.

"Hicho kiwango mlikitoa wapi?" akauliza mzee Manyanda, mfugaji.

Zefania ni kijana mkweli, akaeleza vizuri mno. Wataalamu huwapa panya sumu kidogo kidogo, hadi wajue kiasi ambacho bado hakiwadhuru. Kiasi hicho hukigawanya kwa kumi, kwa kuwa mtu si panya. Kisha hugawanya tena kwa kumi, kwa kuwa watu hawalingani.

Kugawanya nimejifunza ukubwani, kwenye masomo ya jioni, na nilifurahi kuweza kumfuata. Manyanda alifurahi zaidi.

"Kumbe! Hiyo ni bei ya mnadani, ya kuanzia tu. Haya mwanangu, panda kidogo."

"Mzee, hapa hatupatani bei."

"Mbona nyie mmeshagawanya mara mbili bila kutushirikisha?"

Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono. "Hiyo kumi ya pili ni ya nani hasa?"

"Watoto, mama. Wagonjwa. Wajawazito."

"Basi sisi wazima turudishiwe yetu!" akasema Manyanda.

Mwenyekiti wa kitongoji, Deogratias, ni mtu wa amani. Akaamua turudishiwe nusu: kiwango kizidishwe kwa tano. Kisima chenye mara nne kikapita, na ziada juu. Mikono ikanyooshwa. Zefania akafunga begi lake. Mimi nikaombwa kufunga kwa sala, nikasali, nikiziombea zaidi hesabu zetu.

Alfajiri nikachukua ndoo, nikamwambia Aneth twende pampu ya shule. Nilidhani tutakuwa peke yetu. Tukakuta foleni hadi kwenye goli la uwanja, na mbele kabisa pikipiki ya Deogratias, imefungwa madumu.

"Mwenyekiti, na wewe?"

"Ah, Mama Isidori. Haya ni ya mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Mimi. Si nina presha?"

Manyanda, nyuma yake, hakungoja kuulizwa. "Ya ndama," akasema. "Wale bado wadogo."

Kisha akamwona Aneth na tumbo lake.

"Pisheni mjamzito!" akafoka, na mkutano mzima ukasogea pembeni.