Kiberiti cha Baba Mkwe

Mwaka 1956 nilirudishwa kwetu Kihesa, Iringa, kwa kosa la kuamkia. Ndiyo, kuamkia. Kwetu Uheheni, binti asiyemwamkia mkubwa hana malezi. Kwa Wanyakyusa nilikoolewa, mke hamtazami baba mkwe wake wala hasemi naye. Nilielezwa nikaelewa. Kisha asubuhi moja, nyumbani Ilomba, nikakutana na baba mkwe wangu, mzee Sedekia, mlangoni. Goti likapinda lenyewe, mdomo ukasema, "Kamwene, baba."

Mzee aligeuza uso kama aliyepigwa kofi. Jioni akamwambia mume wangu, Asukile, kwamba tutakwenda Iringa sote watatu, akawaambie wazazi wangu wamchukue mtoto wao. Asukile akaenda kuandaa gari. Nilimpenda sana mume wangu, lakini siku hiyo ningemzaba kibao.

Tukaondoka na pikapu yake kuukuu, wao mbele, mimi nyuma juu ya magunia, kanga usoni. Nililia mpaka Chimala. Tulipoipita kidogo, gari likakohoa, likazima.

Asukile akafungua boneti. Mpira wa petroli ulikuwa umechomoka kwenye bomba la shaba. Aliufunga kwa waya kabla ya safari, na waya ule, badala ya kuubana mpira, ulikuwa umeukata. Bomba nalo lilikuwa laini mwishoni, halina kitu cha kuuzuia mpira usiteleze. Akaziba bomba kwa kipande cha gunzi.

"Tata, narudi Chimala kutafuta klipu ya skrubu," alisema. "Msiguse kitu."

Tukabaki wawili. Mzee alikaa chini, ameegemea gurudumu la mbele. Mimi nilikuwa juu ya magunia, nimempa mgongo. Upepo ukaniletea harufu, nikachungulia. Gunzi lilikuwa limetoka, petroli inadondoka, na udongo karibu na miguu ya mzee umelowa. Naye mzee, ambaye pua yake ilikwisha kuuawa na tumbaku miaka mingi, alikuwa anashindilia kiko.

Nikakohoa. Nikagonga bodi ya gari. Mzee akajigeuza kidogo ili anipe mgongo zaidi, kwa adabu kabisa, akatoa kiberiti.

Nilijua nikisema nimekwisha. Kosa la kwanza lilikuwa la bahati mbaya. Hili lingekuwa la makusudi, na hata Asukile asingekuwa na la kunitetea. Nikaruka chini.

"Baba, usiwashe!"

Nikamshika mkono, mkono wa baba mkwe, nikampokonya kiberiti.

Tukatazamana. Sikuwahi kuyaona macho yake hivyo. Yalikuwa macho ya Asukile yaleyale. Akayashusha chini. Akachota udongo uliolowa, akauweka puani kabisa. Akakitia kiko mfukoni taratibu, nami nikamwonea huruma ambayo sikuitarajia.

Akasimama, akatazama injini. "Kama kungekuwa na mtu hapa," aliiambia injini, "angeshika hii bomba aiinue juu, petroli iache kutoka."

Nikalishika, nikaliinua. Petroli ikaacha kutoka.

Mzee akachukua koleo la Asukile, akaingiza ncha nyembamba ya mpini wake kwenye bomba, akawa anakandamiza na kuzungusha polepole, mpaka ukingo ukafunuka kidogo kama ua la boga. Akakata kwa kisu ile sehemu ya mpira iliyoharibika. "Kama kungekuwa na mtu, angesukuma mpira ipite hapo kwenye mdomo, iende ndani." Nikausukuma mpaka vidole vikauma.

Asukile akatukuta hivyo, vichwa viwili chini ya boneti moja. "Mwe!" akasema, klipu ikamwanguka.

"Okota," alisema mzee. "Iweke nyuma ya huo mdomo, siyo ukingoni. Kaza, lakini usikate mpira. Halafu mwambie mtu arudi nyuma, ajifunike."

Asukile akakaza, akauvuta mpira kwa nguvu zake zote, haukusogea. Akawasha gari, akaangalia tena: pakavu. Nikapanda kwenye magunia. Nilidhani atasema tugeuze, lakini gari likashika njia ileile ya Iringa, nami nikaanza kulia upya.

Tulipofika Kihesa, baba yangu, Philbert, aliwakaribisha barazani, mimi nikaenda jikoni. Mzee Sedekia akamwomba Asukile aje jikoni achukue kiberiti kwangu. Akakiweka mbele ya baba.

"Nilikuja kuwarudishia mtoto wenu," alisema. "Amekosa mara mbili. Kwanza aliniamkia. Kosa la pili ndiyo hii kiberiti. Muulizeni mwenyewe awasimulie, maana mimi na yeye hatusemi."

Baba akakigeuza kiberiti mkononi. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naomba kesho nirudi naye."

Nilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, kanga mpaka puani. Nikalia kwa sauti. Mzee akasikia, akajifanya hakusikia.