Mbilikimo wa Sehemu ya Tatu

Kazi yangu ni kusemea sinema. Hapa Macalder wachimbaji wa dhahabu wametoka kila upande, Wajaluo, Wakuria, hata Wasukuma kutoka Tanzania, na Kiingereza cha sinema hakiwafai kitu. Basi mimi Omosa napunguza sauti ya wazungu, nashika maikrofoni, nawaeleza kwa Kiswahili na vichekesho juu. Tena siangalii filamu kabla ya kuionyesha. Nilijivunia hilo, nikidai utamu ni kushtuka pamoja na watu. Ujinga mtupu.

Kulikuwa na filamu moja ya wafalme na mazimwi, yenye sehemu tatu. Ndani yake mna mbilikimo mchimba dhahabu, mtu wa kupita tu, hata jina hakupewa. Nikampa la Fanuel, mchimbaji mfupi kuliko wote, aliyekaa benchi la mbele. Nikampa na maneno ya Fanuel mwenyewe: "Mimi ni kama bodaboda, mafuta kidogo, safari ndefu!" Banda zima la sinema likacheka. Fanuel akasimama na kupunga mkono kama mheshimiwa.

Mwisho wa sehemu ya pili, mlima uliporomoka na mbilikimo akafungiwa ndani. Watu wakanung'unika. Mwalimu Mayaka, aliyekisoma kitabu kilichozaa filamu hiyo, akaninong'oneza kwamba kitabuni anatokea upande wa pili wa mlima, ndevu zimejaa vumbi, anaomba uji. Nikatangaza kwa maikrofoni: "Fanuel atatoka! Sehemu ya tatu mtamwona!"

Wiki tatu baadaye shimo la Fanuel likabomoka, naye yumo. Tulichimba siku tano, maji yakajaa, tukaambiwa tuache. Niliweka sururu chini kama wengine.

Kwa Wajaluo kama Fanuel, mwili usipopatikana, tunda la mti wa yago huzikwa mahali pake. Ndugu zake wakapanga kulizika Jumamosi. Mkewe, Jedidah, akakataa kabisa. Alisema akizika tunda, atakuwa amekubali kwa mkono wake mwenyewe kwamba Fanuel hatoki tena. Ijumaa mchana akaja bandani peke yake.

"Shemeji, ile sehemu ya tatu iko?"

"Iko. Imeletwa jana kutoka Isebania."

"Weka."

"Shemeji, hiyo ni sinema tu."

"Najua ni sinema. Mimi si mtoto. Nataka nimuone akitoka mara moja tu, hata kama ni kwa sinema. Halafu kesho nitaenda, tuzike hiyo yago yao."

Nikaweka. Alikaa benchi la mbele, pale pa mumewe, mkoba magotoni. Nami nikashika maikrofoni kumsemea mtu mmoja.

Saa ya kwanza ilikuwa vita tupu. "Anakuja," nikasema. Saa ya pili mfalme akaoa. "Bado kidogo, shemeji, anakuja." Kisha jeshi likapita karibu na ule mlima ulioporomoka, na moyo wangu ukaruka. Farasi wakauzunguka, wakaenda zao. Hakuna aliyegeuza shingo. Nilitamani nimpachike mtu yeyote jina la Fanuel, lakini wote waliobaki walikuwa warefu.

Mfalme akavishwa taji. Wakacheza ngoma. Majina meupe yakaanza kupanda juu ya kioo cheusi. Waliotengeneza filamu walikuwa wamemsahau mbilikimo wao, hata kufa hawakumwonyesha. Niliwachukia watu nisiowajua, nikajichukia na mimi, nikaiweka maikrofoni chini.

Jedidah alingoja majina yote yapite, hadi la mwisho. Kisha akanigeukia.

"Kwa hivyo hata hao," akasema, "hawakumtafuta?"